Mkono wa Kulia na Mguu Mmoja

Mtoto mchanga ambaye damu yake ina oksijeni ya asilimia 85 tu anaweza kulala mikononi mwa mama yake bila mtu yeyote kushtuka. Macho yetu hayaoni rangi ya bluu mpaka oksijeni ishuke sana, mara nyingi karibu na asilimia 80, na kwenye ngozi nyeusi hata mkunga mzoefu hulazimika kuangalia ulimi na ufizi. Akikua, malaria ikampunguzia damu, rangi hiyo hujificha zaidi. Atakohoa, atatibiwa nimonia, atapona nusu, atarudishwa tena kituoni, na huenda miaka ikapita kabla mtu hajashuku moyo.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hivi au 9 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Kwa karibu robo yao hitilafu hiyo inahitaji kushughulikiwa ndani ya mwaka wa kwanza, la sivyo inaweza kuua.

Hatari yenyewe hujificha kwa sababu inayoeleweka. Tumboni mtoto hapumui, kwa hiyo kuna mshipa mfupi unaopitisha damu kutoka ateri ya mapafu moja kwa moja hadi aota. Baada ya kuzaliwa mshipa huo hujifunga, kwa kawaida katika siku 2 au 3 za mwanzo. Kuna mioyo iliyoumbika vibaya ambayo huutegemea. Ukiwa wazi, mtoto ananyonya na kulia kama wenzake. Ukijifunga, hali yake huporomoka kwa saa chache, na mara nyingi wakati huo mama ameshavuka lango la maternite (wodi ya uzazi) na kurudi kwake.

Kipimo cha kumgundua mtoto huyo kabla hajaondoka hakina sindano wala tone la damu. Kifaa cha kupima oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye kiganja cha kulia, kisha kwenye mguu, na kulinganisha jinsi damu inavyoufyonza. Mwasisi wa njia hii, Mjapani Takuo Aoyagi, aliigundua katika miaka ya 1970. Hupimwa mtoto akitimiza saa 24. Asilimia 95 au zaidi, tena bila tofauti kubwa kati ya mkono na mguu, ni salama. Chini ya 90 aitwe daktari mara moja. Katikati ya hapo hupimwa upya baada ya saa moja. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba njia hii hunasa kama watoto 76 katika kila 100 wenye hitilafu hatari, na ni nadra sana kumtilia shaka mtoto mwenye moyo mzima.

Kwa miji ya Butembo na Beni, kutotoboa ngozi kuna uzito wake. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mzazi aliyeishi miaka ile ana haki ya kuuliza damu ya mtoto wake inapelekwa wapi. Kwa kipimo hiki anaisoma namba kwenye kioo pamoja na muuguzi.

Lakini namba ya vitabuni haifai kuchukuliwa ilivyo. Beni iko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Butembo kama 1,700, na hewa ya milimani hushusha oksijeni hata ya mtoto mzima wa afya. Huko Colorado, Marekani, kwenye kimo kama cha Butembo, karibu mtoto 1 katika 100 alishindwa kipimo, mara kadhaa zaidi kuliko pwani. Kwa upande mwingine, utafiti wa Marekani wa 2020 kwa watu wazima ulionyesha kuwa vifaa hivi huwapa watu weusi namba ya juu kuliko ukweli mara nyingi zaidi kuliko weupe. Kimo kinatisha bure, ngozi inatuliza bure, na mkunga yuko katikati akiwa na kioo kimoja.

Tena kifaa hiki hakioni kila kitu. Tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, hitilafu inayoongoza kwa wingi, kwa kawaida haliishushi oksijeni. Hapo inahitajika stethoskopu, kisha ekografia ya moyo. Anayehitaji upasuaji hupelekwa mbali, kwa mfano Kampala, Uganda, kupitia mpaka wa Kasindi na Mpondwe, kwa barabara ambayo vita vimeifanya ya hofu. Wengine wanasema kupima bila upasuaji karibu ni kumtesa mzazi. Sikubali. Baadhi ya matundu huziba yenyewe, mengine hutulizwa kwa dawa, na anayejua mapema hupata muda wa kutafuta nauli na msaada.

Kazi ya kwanza ni ndogo na inawezekana: kupima watoto wachanga wenye afya kwenye maternite za Butembo, kisha za Beni, kuandika namba ya mkono na ya mguu pamoja na umri kwa saa, na kuwafuatilia kwa miezi kadhaa. Hapo mkunga wa Butembo atapata mpaka wa namba uliotoka kwa watoto wa Butembo.