Projekta ya Madrasa: Pimeni Chumba Kabla ya Kuuliza Bei

Wazazi wakichanga pesa za projekta ya madrasa, swali la kwanza huwa ni bei. Mimi nawashauri waanze na futi kamba.

Kila projekta ina uwiano wa umbali, ulioandikwa kwenye maelezo yake. Zidisha uwiano huo kwa upana wa picha. Uwiano ukiwa 1.5 na picha mita 2, projekta itakaa mita 3 kutoka ukutani. Hapo ustadhi akisimama kuelekeza, kivuli chake kitafunika aya na mwanga utampiga machoni. Yenye uwiano wa 0.5 hukaa mita 1 tu, kwa hivyo ifungwe darini, mbele ya ustadhi.

Pili ni mwangaza. Kwa joto letu madirisha hubaki wazi, basi tafuteni lumeni za ANSI 3,000 kwenda juu, na dirisha la karibu na picha litiwe pazia. Boksi likinadi lumeni 12,000 kwa bei chee, bila neno ANSI, msiliamini.

Tatu, na ndilo zito zaidi, ni irabu. Dhuma ikififia ikaonekana fataha, mtoto atasoma makosa na kuyahifadhi. Muuzaji akisema "inakubali 1080p," muulizeni nukta zake za asili. Ziwe 1920 kwa 1080. Tena ielekezwe sawasawa ukutani, kwani picha inayonyooshwa kwa programu hupoteza ukali wa herufi.

Mchango wa watu ni amana. Iwasheni dukani mchana, mfungue ukurasa wa msahafu, muusome mkiwa nyuma kabisa. Ndipo mlipe.