Mjue Kuku Wako Ndani na Nje

Mkulima, unapomtazama kuku akichakura uani huenda ukadhani kwamba ni kiumbe asiye na mambo mengi: hutupiwa mahindi asubuhi, hufungiwa jioni, basi. Lakini mwili wake haufanani na wa ng'ombe wala mbuzi wako, na mtu asiyeujua hupoteza mayai kila siku bila kutambua. Mara nyingi humchinja kuku anayetaga vizuri, akamwacha yule anayekula bure. Soma maelezo haya, kisha ukamate kuku wako mmoja ujionee mwenyewe.

KINU KILICHO TUMBONI

Kuku hana meno. Punje humezwa nzima na kushuka katika gole, yaani ule mfuko ulio mwisho wa shingo. Humo chakula huwekwa akiba na kulainika. Papasa gole jioni kuku wanapokwenda kulala. Yafaa liwe limejaa. Likiwa tupu, kuku huyo ameshinda na njaa, au ni mgonjwa. Asubuhi yafaa liwe limenywea. Likiwa bado gumu, pengine majani marefu au kamba zimeziba njia.

Kutoka huko chakula hupita katika tumbo dogo lenye maji makali, kisha huingia katika firigisi. Firigisi ndiyo kinu cha kuku: ina misuli yenye nguvu, na ndani yake mna vijiwe alivyovimeza, ambavyo husaga punje. Kuku anayetembea huviokota mwenyewe, lakini anayefungiwa na kulishwa nafaka nzima ni lazima awekewe changarawe. Asipozipata, sehemu ya chakula ulichonunua kwa fedha zako itatoka katika kinyesi bila faida.

KUKU HATOKI JASHO

Joto la mwili wa kuku mzima ni kama digrii 41 za sentigredi, kupita la binadamu, wala ngozi yake haitoi jasho. Ukimwona ameachama mdomo na kutanua mabawa, anajipoza kwa kuhema. Mapafu yake ni madogo, nayo yameunganishwa na mifuko 9 ya hewa iliyoenea mwilini. Kwa hiyo hewa mbaya hufika mbali ndani yake. Ukiingia bandani, harufu ya kinyesi ikakuwasha macho, ujue kuku wako wanaumia.

Basi mkulima wa Kinangop asizibe banda pande zote kwa kuogopa baridi. Azuie upepo mahali wanapolala kuku, lakini aache nafasi ya hewa juu, chini ya paa. Naye mkulima wa Mpeketoni, kwenye joto, atie wavu ubavuni mwa banda, na maji yawekwe kivulini.

YAI HUCHUKUA SIKU NZIMA

Kuku jike huwa na kifuko kimoja tu cha viini vya mayai kinachofanya kazi, nacho kiko upande wa kushoto. Kiini kikiiva huingia katika mrija mrefu. Humo huongezwa ute, kisha ngozi nyembamba, na mwisho ganda. Kazi yote huchukua saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 katika hizo ni za ganda peke yake. Ndiyo sababu hata kuku hodari huruka siku moja moja. Jogoo hahitajiwi ili kuku atage. Huhitajiwa ukitaka vifaranga, ambao huanguliwa baada ya siku 21.

Ganda ni chokaa. Chakula kikikosa chokaa, kuku huichota katika mifupa yake mwenyewe. Miguu hulegea na mayai hutoka na ganda laini. Mpe makombe ya baharini yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyokaangwa na kupondwa sana. Usimpe maganda mazima, asije akajifunza kula mayai. Tena sehemu kubwa ya yai ni maji, kwa hiyo chombo cha maji kisikauke hata siku moja.

Mwanga nao huamsha kifuko cha viini. Kuku wa mayai hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, na mchana wa Kenya ni wa saa 12 hivi. Mwenye taa ya umeme au ya nguvu za jua aiwashe bandani tangu saa kumi alfajiri mpaka kupambazuke.

MPIME KABLA YA KUMCHINJA

Mshike kuku upapase mifupa miwili yenye ncha iliyo kandokando ya tundu lake la nyuma. Kwa kuku anayetaga, vidole viwili au vitatu vitaenea katikati. Kwa asiyetaga, kidole kimoja tu. Tundu la anayetaga ni pana na lenye unyevu, na upanga wake kichwani ni mwekundu. La asiyetaga ni dogo na kavu, na upanga umesinyaa. Lakini kuku anayeatamia au anayebadili manyoya amepumzika tu. Mpe nafasi, kisha umpime tena.

TAZAMA KINYESI

Kuku hana kibofu cha mkojo. Ile rangi nyeupe juu ya kinyesi ndiyo mkojo wake, si ugonjwa. Lakini ukiona kuharisha kijani, kuhema kwa shida na shingo kupinda, ogopa kideri. Kideri hakina dawa ya kukiponya. Kinga yake ni chanjo inayotolewa mapema. Damu katika kinyesi cha vifaranga huonyesha mara nyingi ugonjwa wa koksidia, ambao una dawa. Watenge wagonjwa, umwite afisa wa mifugo upesi, wala usiwapeleke sokoni kumwambukiza mwenzako.

Fedha za mayai hununua chumvi, hulipa karo, na husaidia kupunguza deni la shamba. Kwa hiyo jioni hii, kabla hujafunga banda, papasa magole.