Barua Haipimwi kwa Umbali

Kijana wa Mtwara anaomba kazi Dar es Salaam. Anatia barua na nakala za vyeti, jumla karatasi sita, katika bahasha, kisha anabandika stempu ya barua nyepesi. Huenda barua ikachelewa, au mwajiri akadaiwa fedha iliyopungua. Hapo kazi ataipata?

Uingereza ilipoanzisha stempu mwaka 1840, iliweka msingi huu: barua ya ndani ya nchi hulipiwa kwa uzito, si kwa umbali. Kiwango cha kwanza kilichozoeleka ni gramu 20. Karatasi ya kawaida ya A4 ina gramu 5, na bahasha ndogo nayo karibu hivyo. Basi mwisho ni karatasi tatu. Sita ni gramu 30, bahasha bado.

Mpaka nao una bei yake. Palma iko ng'ambo tu ya Ruvuma, lakini ni Msumbiji. Barua yake ni ya nje. Huko hata ukubwa huhesabiwa: kwa Umoja wa Posta Duniani, bahasha inayozidi milimita 165 kwa 245, au unene wa milimita 5, si barua ndogo tena.

Haba na haba hujaza kibaba. Barua ipimwe kwanza dirishani, stempu ifuate.