Vyuo vya Watu Weusi na Mpira wa Kimarekani (3): Grambling, Shule ya Kijijini

Wiki iliyopita tuliona jinsi vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani vilivyowafungia milango vijana weusi. Leo twende Grambling, kaskazini mwa jimbo la Louisiana, kwenye shule iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa juhudi za wakulima weusi waliotaka watoto wao wasome.

Mwaka 1941 mkuu wa shule hiyo, Ralph Waldo Emerson Jones, alimwajiri kocha wa miaka 22, Eddie Robinson, aliyekuwa kibarua katika kinu cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa. Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu, akapoteza tano. Msimu wa pili alishinda zote tisa, na hakuna mpinzani aliyeambulia hata pointi moja.

Robinson alifyeka nyasi za uwanja mwenyewe, akafunga bandeji vifundo vya wachezaji, akaandika hata habari za mechi kwa ajili ya magazeti. Timu iliposafiri ilibeba mikate na nyama, kwani mikahawa mingi ya njiani ilikuwa ya wazungu watupu. Asubuhi alipita bwenini akigonga kengele ya ng'ombe, wachezaji waamke waende darasani. Mimi naamini siri ya Grambling imo katika kengele hiyo kuliko katika mbinu yoyote ya uwanjani: kwa Robinson, mchezaji alikuwa mwanafunzi kwanza.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 1949 Paul Younger aliingia Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kucheza ligi ya kulipwa ya NFL. Zaidi ya 200 walimfuata kutoka mikononi mwa Robinson. Lakini nafasi moja iliendelea kuwa ngumu: kwotabeki, yule anayesoma safu ya wapinzani na kuamua shambulizi lielekee wapi. Wenye timu walishikilia kwamba mtu mweusi hana akili ya kuongoza. Robinson aliazimia kuwakanusha, akamwandaa James Harris, ambaye mwaka 1969 alianza msimu akiwa kwotabeki wa timu ya Buffalo. Kisha akaja Doug Williams. Januari 1988, katika Super Bowl, fainali ya NFL, Williams alirusha pasi nne zilizozaa mabao ndani ya robo ya pili pekee. Timu yake, Washington, ikaichapa Denver 42 kwa 10, naye akatajwa mchezaji bora wa mechi.

Bendi ya chuo nayo ina jina lake. Ilitumbuiza katika Super Bowl ya kwanza kabisa, mwaka 1967. Ipigapo matarumbeta huku ikicheza na kunyanyua magoti juu, mashabiki hawaondoki vitini wakati wa mapumziko. Kila Novemba, Grambling na mahasimu wao, chuo cha Southern, hukutana New Orleans katika Bayou Classic, iliyoanza mwaka 1974, na kabla ya mechi bendi mbili hizo hushindana mbele ya umati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vyuo vikubwa, vyenye fedha na viwanja vya kifahari, vilianza kuwachukua vijana weusi. Ilikuwa haki yao, na hakuna mwenye nia njema anayetaka kurudi nyuma. Hata hivyo shule zilizowalea walipokataliwa kwingine ziliachwa na vipaji na fedha. Robinson alistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi 408, lakini misimu yake mitatu ya mwisho alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Oktoba 2013 wachezaji waligoma kusafiri kucheza na chuo cha Jackson State, wakilalamikia hali ya majengo na vifaa vyao. Miaka mitatu baadaye Grambling ikatwaa ubingwa wa vyuo vya watu weusi kwa kuishinda North Carolina Central 10 kwa 9.

Wiki ijayo tutakwenda Tallahassee, Florida A&M, kwa kocha Jake Gaither.