Adenium Ndio Mmea wa Keja Yako

Cheki keja ya msee yeyote wa Nai mwenye amehama kwa mathe juzi. Kuna subufa, kuna kazulia, na lazima utapata kamti kwa dirisha. Hiyo stori hunibamba vibaya, ju msee mwenye analea kitu kwa bedsita ni msee amejipanga. Shida iko kwa ile mimea tunabeba. Unapata mtu amenunua monstera, mmea wa misitu ya mvua huko Amerika ya Kati, unataka unyevu karibu kila saa, na ploti yake maji hukuja mara mbili kwa wiki. Mtungi mmoja ndio wa kuoga, wa kupika na wa vyombo. Mmea unadedi, chapaa imeishia, na msee anaanza kuambia mabeshte eti ako na mkono mbaya.

Mkono uko fiti. Mmea ndio haukuwa wa hapa.

Wa hapa ni adenium, ile wasee wa nasari za kando ya barabara huita desert rose, na vitabu huita waridi la jangwa. Labda ushaiona bila kujua jina: shina limevimba chini kama kitambi, majani machache yanang'aa juu, na maua ya pinki yenye petali tano, katikati rangi imefifia. Hiyo kitambi ndio tanki. Mvua ikinyesha mmea unaijaza, kiangazi ikiingia unakunywa polepole kutoka ndani. Jua likikaza zaidi, unamwaga majani yote ndio usipoteze maji, na hapo kwa mti mkavu usio na jani hata moja ndio maua hutokea. Manze, mara ya kwanza ukiona hiyo kitu porini unasimama tu.

Na porini si mbali. Iko Tsavo kwa mawe, iko Samburu, Isiolo, Baringo na Turkana. Inashika Tanzania, Somalia na Ethiopia, inavuka bahari hadi Yemen na Oman, na upande ule mwingine inafuata Sahel yote mpaka Senegal. Jina Adenium limetoka kwa Aden, ule mji wa bandari wa Yemen. Peter Forsskål, mwanasayansi wa msafara uliotumwa na mfalme wa Denmaki, ndiye aliandika habari za huu mmea akiwa Uarabuni. Alifariki hukohuko Yemen 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775. Kisiwani Sokotra kuna jamii ya adenium inakua mti mzima, shina nene kushinda mtu. Sisi tunaiona kwa mkebe wa plastiki pale Ngong Road na tunadhani imekuja na ndege.

So kabla umwage maji, kabla uisongeshe, kabla ununue dawa yoyote, jiulize swali moja: Tsavo ingeifanyia aje?

Anza na jua. Tsavo haina mambo ya kivuli. Adenium inataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, na ikipata zaidi ndio inafurahia. Hapa nitakuambia ukweli hata kama utaumwa: kama unaishi floo ya chini pale Pipeline, mahali majengo yamekaribiana hadi unawasha taa saa saba mchana, usiinunue ya kuweka ndani. Itarefuka, iwe nyembamba, na haitawahi toa ua. Bonga na keateka poa, uiweke juu kule watu huanika nguo. Kama hiyo haiwezekani, chukua sansevieria, nayo pia ni ya home na inavumilia giza.

Kuna kitu wengi hawaicheki kuhusu balkoni. Nai iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua la mchana huhama upande. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba linaegemea kaskazini. Kuanzia hapo hadi Machi tena linaegemea kusini. Balkoni yako ikiangalia kusini, mmea wenye ulikuwa unawaka Desemba unaweza kaa kwa kivuli Juni yote na wewe hujasongesha kitu. Balkoni za mashariki na magharibi hupata nusu siku mwaka mzima, na hizo ndizo za kutegemea.

Mchanga sasa. Udongo mwekundu wa pande za Kiambu ni mtamu kwa sukuma, lakini unashikilia maji. Ule mweusi wa Embakasi ndio mbaya zaidi, ukilowa unanata, ukikauka unapasuka. Zote mbili zitaozesha adenium. Enda mahali wanajenga, omba mchanga mkubwa wa mto, uchekeche vumbi itoke. Weka mikebe miwili ya huo mchanga, mkebe mmoja wa kokoto ndogo ama yale mawe mepesi yenye vishimo hutolewa pande za Longonot, na mkebe mmoja wa mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa. Ukiwa na makaa yamebaki chini ya gunia, vunja vidogo uchanganye. Chombo si lazima kiwe cha bei. Mkebe wa Kasuku unatosha, bora utoboe mashimo kadhaa chini. Chagua kipana kuliko kirefu, na usiweke kamti kadogo kwa chombo kikubwa, ju ule udongo wote mizizi haijafikia utakaa na maji ndani.

Na maji ndio stori yenyewe. Tsavo ikinyesha, inanyesha ya kweli, alafu inanyamaza. Fanya vivyo hivyo. Mwaga mpaka itoke na chini, alafu achana nayo. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku ndio kunaua, hata kama kunafanywa na roho safi. Kabla umwage tena, dunga kijiti cha mshikaki hadi chini ya mkebe, ukitoe. Kikitoka na udongo umeshika, ngoja. Kikitoka kikavu, mwaga. Januari na Februari, jua likiwa kali, unaweza jipata ukimwaga kila wiki. Maji yenye umeosha mchele ama mboga inafaa, bora isiwe na sabuni wala chumvi. Hapo ndio naona huu mmea unafaa msee wa kukodisha: ukikosa maji wiki mbili, ama ukienda ocha Desemba, unarudi unaipata ikikungoja.

Lakini shika hii ya Julai, ju hapa ndio adenium nyingi za Nai hufia. Juni hadi Agosti jiji linafunikwa na wingu, baridi inaingia, na mmea unalala. Majani yanageuka manjano, yanaanguka. Msee anashtuka, anadhani ni kiu, anaongeza maji. Mizizi iliyolala hainywi. Maji inakaa, na kitambi inaoza kutoka chini bila wewe kuona. Julai usimwage karibu kitu. Iweke mahali mvua haifiki, karibu na ukuta wenye hupata jua, na usiitie mbolea. Septemba joto likirudi itachipuka yenyewe. Wasee wa Mombasa, Garissa na Kisumu hawana hii shida ya baridi, lakini wa Pwani waitoe kwa mvua ya Mei.

Jifunze kuifinya. Kila mara ukipita, finya kitambi kwa vidole. Ikiwa ngumu, mambo iko sawa. Ikiwa laini na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Ikiwa laini na udongo bado umelowa, imeanza kuoza, na hakuna kungoja kesho. Ing'oe, osha mizizi, chukua kisu safi ukate kila mahali pamegeuka kahawia hadi ufike nyama nyeupe. Futa kisu kila ukikata. Iache kivulini ikauke kama wiki moja, kidonda kikishafunga ipande kwa udongo mkavu, na ukae siku kadhaa tena kabla ya maji. Nyingi huamka.

Ukitaka maua mob, kata matawi Septemba baridi ikiisha. Maua hutokea kwa matawi mapya, na kila tawi ukikata hutoa mengine. Ukiona vidudu vya manjano vimejaa kwa machipukizi, osha na maji ya sabuni kidogo, suuza, basi. Kila ukibadilisha chombo, inua mmea juu kidogo ndio kitambi ionekane.

Hii nayo usiichukulie mchezo: adenium ina sumu. Ni jamaa ya oleanda, na utomvu wake unagusa moyo. Wahadza wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, huchemsha huo utomvu ndio wapate sumu ya mishale ya kuwindia. Ukiikata, vaa glavu ama karatasi ya plastiki, osha mikono, usijiguse macho. Keja yenye mtoto wa kutambaa, iweke juu kabisa. Na mtu akikuambia ni dawa ya kunywa, kataa.

Kwa kununua, uliza maswali. Kuna ya mbegu, kuna ya tawi, kuna ya kuunganishwa. Ya tawi humea poa lakini mara nyingi haitoi kitambi ya maana. Ya kuunganishwa ndio ile yenye maua ya safu mbilimbili ama rangi nzito karibu nyeusi, kazi ya wakulima wa Thailand na Taiwan, na huwa ghali. Ya mbegu ndio ya kuanza nayo: kitambi inakuja yenyewe na unaiona ikinona. Alafu kuna ya nne yenye haifai kuwa kwa soko: ile imeng'olewa porini. Utaijua. Ni kubwa, imezeeka, mizizi imekatwa vibaya, na muuzaji hana ndogo zake. Mmea umechukua miaka kujenga hiyo tanki kwa mawe ya Samburu, unatolewa siku moja uje uoze kwa mkebe Julai. Mwambie msee wa nasari akuonyeshe miche. Akiwa na trei ya miche midogo, huyo anakuza, mpee doo yake na umrudie. Akikosa, songa nasari ifuatayo.

Yako ikianza kutoa maganda, ambayo huja mawili mawili, yafunge na uzi kabla yapasuke. Mbegu zina manyoya pande zote mbili, na upepo kidogo tu unazibeba zote. Zilaze kwa mchanga wenye joto, zifunike juujuu, lowesha. Zikiwa mpya, ndani ya wiki moja unaona kijani, na hata kwa mche mdogo kitambi huanza kuonekana mapema. Panda zote, gawia mabeshte wa floo, uza zingine kwa geti. Keja yako ikijaa, pelekea shule ya mtaa yenye ukuta mkavu hakuna mtu humwagilia, bora wapande ndani ya ua mahali watoto wadogo hawafiki. Na zile adenium za Tsavo, tafadhali, ziacheni kwa mawe yao.