Skii za muti na miguu ya watu: baridi inaanza, wazee wa theluji wanakumbuka vyombo vyao

Wasomaji wetu, hapa kwetu mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa mvua. Njia inakuwa matope, na wazee wenye walitumika mu mine wanakaa barazani na kuanza masimulizi: lampe ya carbure, kaske ya zamani, nyundo ya mukono. Kule Bulaya, mwezi ule ule baridi kali njo inaingia. Theluji ya kwanza inaanguka juu ya milima, na wazee wa kule nao wanaanza masimulizi yao. Wanakumbuka skii za ujana wao.

Kwa wale hawajaona skii: ni mbao mbili ndefu, nyembamba, ncha ya mbele imepindwa kwenda juu. Mutu anafunga moja kwa kila muguu, anashika fimbo mbili, halafu anateleza juu ya theluji bila kuzama. Leo wengi wanajua skii kama muchezo wa watu wa feza. Lakini mwanzo wake ni kazi: kuwinda, kutafuta kuni, kufika kwa jirani. Kule Kalvträsk, inchi ya Sweden, walichimbua mu udongo skii ya muti yenye kupita miaka 5.000.

Na tujue hivi: wachimbaji wenzetu waliijua skii mbele ya matajiri. Inchini Norway iko muji unaitwa Kongsberg. Walianza kuchimba feza pale mwaka 1623, wakaendelea zaidi ya miaka 300, mpaka mine ikafungwa katika miaka ya 1950. Muji ule wa mine ulizaa waruka-skii wakubwa wa dunia. Birger Ruud, kijana wa Kongsberg, alishinda medali ya zahabu katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1932, na tena mwaka 1936. Leo, ukienda Kongsberg, nyumba ya zamani ya kuyeyusha feza imekuwa makumbusho ya mine, na makumbusho ya skii iko mulemule.

Kule California, Marekani, ilikuwa vile vile. Katika miaka ya 1860, wachimba-zahabu wa milima ya Sierra Nevada walifungiwa na theluji miezi mingi. Walichonga skii ndefu kupita metre 3, wakashindana kuteremuka mulima, kila mutu na fimbo moja tu ya kushika breki. Chini ya skii walipakaa mafuta waliyopika wenyewe, na kila mupishi alificha dawa yake. Hata ndugu hakuambiwa kitu gani imo mu chungu.

Sasa turudi kwa wazee wetu wa leo. Mutu mwenye miaka 70 ao 80, wakati theluji inakaribia, anapanda juu ya dari ya nyumba na kushusha skii ya muti. Kitu cha kwanza anachokumbuka ni harufu. Chini ya skii walipakaa gudroni ya muti na kuichoma kwa moto kidogo mpaka iingie ndani ya ubao, maji yasipite. Juu yake wakapakaa nta. Theluji mupya ilitaka nta yake, theluji ya kuganda ilitaka ingine, na ile ya maji-maji ilitaka nta ya kunata sawa gundi. Peter Østbye wa Norway alipata hati ya nta ile ya kunata mwaka 1913. Ukikosea nta, aa! Wenzako wanapanda mulima, wewe unarudi nyuma kila hatua.

Skii yenyewe ilitaka ulinzi. Muti unapinda vibaya ukiuacha ovyo. Kwa hiyo, baridi ikiisha, walifunga skii mbili pamoja, tumbo kwa tumbo, na kati yao wakasukuma kipande cha ubao ili mugongo wake ubaki na mupindo. Ziliwekwa hivyo miezi yote ya joto. Na mwenye kwenda mbali mulimani alibeba mu mufuko ncha ya skii ya akiba. Ncha ya muti ikivunjika, unavalisha ile ya akiba juu ya kisiki na kurudi nyumbani pole pole.

Halafu kulikuwa chuma. Mbele, pembe za skii zilikuwa muti mutupu: juu ya barafu ngumu hazikushika kitu. Mwaka 1926, Rudolf Lettner wa Austria alipata hati ya kuweka pembe za chuma. Zilikuwa vipande-vipande, kila kipande na visi zake. Visi zililegea, vipande vikang'oka njiani. Wazee wanacheka wakikumbuka: jioni, baada ya muchezo, kazi ilikuwa kushika turnevisi na kuhesabu visi gani imepotea. Kila mutu alikuwa fundi wa vyombo vyake.

Viatu navyo! Vilikuwa vya ngozi, na kamba ndefu za kukaza mpaka vidole vya mukono vinauma. Vikilowa, vilikuwa vizito sawa jiwe. Usiku uliviweka karibu na moto, lakini hapana karibu sana, maana ngozi inapasuka. Katika miaka ya 1960 viatu vya plastiki vikaingia, na ngozi ikaenda kupumzika.

Mupaka hapa, masimulizi ni matamu. Lakini ukikaa nao muda mrefu, kuna fasi moja masimulizi yanapunguza sauti. Ni wakati wanafika kwa vifungo.

Kifungo ni kile kinachoshika kiatu juu ya skii. Katika karne ya 19, Sondre Norheim, mukulima maskini wa Morgedal, Norway, alisokota mizizi ya muti na kuizungusha nyuma ya kisigino. Skii haikumutoka tena muguuni, akaweza kuruka na kukata kona. Watu wakashangaa. Nyuma yake kukaja vifungo vya ngozi na vya kamba ya chuma yenye kukaza kisigino chini. Ilikuwa nguvu kweli. Lakini sikia shida yake: skii ikikwama mu theluji na mwili ukiendelea kuzunguka, kifungo hakiachii. Kitu gani kitaachia? Mufupa.

Wazee wote wa skii wanajua mutu aliyerudi juu ya machela. Wakati ule walisema: ni bahati mbaya, ni sehemu ya muchezo. Wengine walisema: hajui kuanguka. Hawakusema: ni kifungo.

Mutu mumoja alikataa neno lile. Anaitwa Hjalmar Hvam, muzaliwa wa ule ule muji wa mine, Kongsberg. Alihamia Marekani, kule Oregon, akawa bingwa. Mwaka 1937 muguu wake ulivunjika. Yeye mwenyewe alisimulia namna aliamuka hospitali baada ya operesheni, akaomba kalamu na karatasi, akachora kifungo chenye kuachia kiatu wakati muguu unageuzwa kupita nguvu yake. Mwaka 1939 alipata hati yake. Alikuwa bingwa, na bado muguu ulivunjika. Basi nani angesema hakujua kuanguka?

Hata hivyo watu hawakumufuata mbio. Wengi waliogopa: kifungo chenye kufunguka, si kitaniacha njiani? Wengine waliona ni chombo cha waoga. Ilipita miaka mingi mbele ya vifungo vya kuachia kuwa kawaida. Skii ya chuma, yenyewe, haikungoja sana. Howard Head, mutu wa kiwanda cha ndege, alijaribu kuunganisha aluminiumu na muti. Skii zake za kwanza zilivunjika moja kwa moja, akaanza tena na tena mpaka akafaulu, karibu na mwaka 1950. Mwaka 1960, Jean Vuarnet wa Ufaransa alishinda zahabu ya Olimpiki juu ya skii za chuma. Mara moja dunia nzima ikazitaka. Kile kinachoongeza mbio kilipokelewa upesi. Kile kinacholinda muguu kiliombwa kungoja.

Leo kifungo kinapimwa kwa kila mutu: uzito wake, urefu wake, kiatu chake, ufundi wake. Fundi anazungusha visi na turnevisi mpaka namba inayofaa. Mivunjiko ya mufupa chini ya goti imepungua sana kuliko wakati wa wazee.

Na hapa ugomvi unaingia mu nyumba. Muzee anashusha skii zake, anataka mujukuu azivae. Zimetunzwa vizuri, zinangaa. Wanazipeleka dukani, na fundi anakataa kurekebisha vifungo. Anasema: chuma cha kuruka ndani kimechoka, siwezi kuweka mukono wangu pale. Muzee anakasirika. Anasema: mimi nimeteleza juu ya hizi miaka 30, na muguu wangu ni huu! Ni kweli. Lakini wale wenye miguu yao ilivunjika hawakusimama naye dukani siku ile.

Sisi tunajua ugomvi huu. Nani kati yetu hajasikia muzee akisema: zamani tuliingia mu shimo na kaske ya bure-bure, na tulitoka wazima? Aliyetoka njo anasimulia. Mwengine hana nafasi ya kusimulia. Tunawapenda wazee wetu, na ufundi wao wa mukono hatutaki upotee. Lakini ukipewa kaske yenye ufa, hata kama ilimulinda baba yako, uirudishe na uombe ingine.

Katika nyumba nyingi za milimani, wamekata shauri lao: skii ya muti inapigiwa musumari ukutani, karibu na picha ya babu, na mutoto anavaa kifungo kipya. Jioni, wakati nje inaanguka theluji, babu anaonyesha visi zilizobaki na kuhesabu zile zilizopotea, na mutoto anasikiliza.

Wewe muzee wa mine, kama bado una lampe ya carbure nyumbani, uitoe mvua hizi, uwaonyeshe wajukuu namna ilivyowashwa. Na wenzako wenye hawakurudi, uwataje pia.