Madume wapole wa Maasai Mara

Nyani wa Maasai Mara hana mkopo wa benki wala bosi wa kumpigia simu Jumapili. Chakula cha siku hukipata kwa saa chache tu, na muda unaobaki huutumia kuudhiana na wenzake. Robert Sapolsky, mtafiti wa Marekani aliyeanza kuwafuata mwaka 1978, aliona kwamba hapo ndipo wanapofanana na binadamu: karaha zao nyingi hutoka kwa jirani, si kwa simba.

Kazi yenyewe ilihitaji hila. Sapolsky alimnyemelea dume akiwa na mrija mrefu, akampulizia kishale chenye dawa ya usingizi kabla hajashtuka, kisha akamtoa damu upesi ili apime kotisoli. Homoni hiyo mwili huimwaga unapohisi hatari, na kwa muda mfupi ni neema, kwani huongeza sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Balaa huja inapokaa juu siku nenda siku rudi. Hapo presha hupanda, kinga hudhoofika, na usingizi hukatika.

Madume wa chini, wanaochapwa na kunyang'anywa chakula, kwa kawaida walikuwa na kotisoli nyingi kuliko wakubwa. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba hata madume wa cheo kimoja walitofautiana. Waliojua kumtofautisha hasimu anayekuja kwa shari na yule anayejipitia zake walikuwa na homoni kidogo. Walioruka kila hasimu alipopita walikuwa nayo nyingi. Nafuu waliipata pia madume waliokaa na majike kutoana chawa na kucheza na watoto.

Kisha mbuga ikafanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Katika miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kugombea mabaki kwenye jaa la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Waliosalia ni majike na madume wapole wasiopenda ugomvi, na kundi likatulia. Miaka kumi baadaye madume wote wa zamani walikuwa wameondoka au kufa, lakini wageni waliohamia walikuwa wameshika desturi ya wenyeji. Katika kundi hilo, madume wa chini hawakuwa na dalili za msongo zilizozoeleka kwingine. Sapolsky na mtafiti mwenzake Lisa Share walichapisha habari hizo mwaka 2004.

Kwetu anayelemewa huambiwa ajikaze. Ushauri huo unamtwisha mtu mmoja mzigo ambao, kwa nyani angalau, ulipungua jamii nzima ilipobadilika.

Harare wameliendea jambo hilo kwa benchi la mbao. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua, kwa kuwa familia ilikosa dola 15 za nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 aliwakusanya bibi 14 katika mtaa wa Mbare, akawafunza kusikiliza. Mgonjwa huketi na bibi kwenye uwanja wa zahanati, akamwaga yote yanayomsumbua: kodi ya nyumba, mume mlevi, virusi vya Ukimwi. Bibi hampi suluhisho. Humwomba achague tatizo moja, kisha wanatafuta pamoja hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo. Wakikutana tena, huulizana imekwendaje. Anayeonekana kuwa hatarini hupelekwa kwa wataalamu.

Mbinu hiyo ilipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Baada ya miezi 6, asilimia 14 ya waliokaa na bibi bado walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida.

Kodi ilikuwa ileile, na hakuna benchi linalolipa deni. Kilichopungua ni rundo: mambo kumi yaliyomvamia mtu usiku kwa pamoja sasa yalikuwa na la kwanza na la pili, na bibi wa kuulizia. Mabenchi ya namna hiyo yameshafika Malawi, Zanzibar na hata New York, mji alikozaliwa Sapolsky.